Kwa Boti ya Mpira Chini ya Mtera

Tangu turudi, kila anayeingia sebuleni kwetu Nkuhungu anafanya yale yale. Anautazama mguu wa Amosi uliofungwa plasta, anaitazama mikono yangu, kisha anakaa vizuri kwenye kochi na kusema, "Haya Yustina, hebu tuambie." Nami naanza kueleza, mara simu inalia, mara chai inafurika jikoni, mara mgeni mwingine anabisha hodi, na habari inakatikia njiani. Matokeo yake nasikia kule Area D wapo wanaosema mume wangu alikamatwa na mamba. Hakukamatwa na mamba. Nimeona niandike mara moja, kuanzia tulipotoka mpaka tuliporudi, ili mtu akiuliza nimpe asome, mimi niendelee kupika.

## Kutoka Majengo

Mimi ni mtu wa nchi kavu. Nimezaliwa Mvumi, na mto wa kijijini kwetu ni mchanga. Ukitaka maji unachimba, unasubiri, unateka kidogo kidogo kwa kata. Mvua ikinyesha kwelikweli, mto unakuja kama ukuta wa matope ukisukuma magogo, na watu wanakaa ng'ambo kusubiri upungue. Wapo ambao hawakusubiri, na tuliwazika. Kwa hiyo mto wenye maji, kwangu, ni mto uliokasirika. Nimekua hivyo na sijabadilika.

Amosi, mume wangu, ni kinyume changu. Anafundisha jiografia, na kwa miaka mingi amekuwa akiuchora Mto Ruaha ubaoni kwa chaki ya bluu. Rafiki yake wa tangu sekondari, Hamisi, mtu wa Kondoa, aliishi Uganda muda mrefu akiwateremsha watalii kwenye maji makali ya Mto Naili. Sasa amerudi na boti yake, anataka kuanzisha kazi hiyo huku kwetu. Alihitaji watu wa kwenda naye safari ya majaribio. Amosi alikubali kabla hajamaliza sentensi.

Mimi nilikubali kwa sababu sikuelewa. Nilisikia "boti" na "Mtera", nikaona picha ya bwawa: tumekaa, tunakula samaki, tunapiga picha. Nilivaa gauni langu la kitenge.

Ukweli niliujua asubuhi ile Majengo, nje ya duka la nafaka la Bi Zuhura, shangazi yake Hamisi. Kwenye pikapu palikuwa na kitu cha kijivu kimeviringishwa kama godoro. Hamisi akanikabidhi kofia ngumu.

"Ya pikipiki?" nikauliza.

"Ya mawe, shemeji."

Nikamgeukia Amosi. Alikuwa anaangalia tairi za gari kwa makini sana.

Ningeshuka pale pale, kweli ningeshuka, lakini Bi Zuhura alitoka dukani akijifunga ushungi, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita wateja kutoka upande wa pili wa soko. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akapanda kiti cha mbele.

"Na wewe unakwenda, Bi Zuhura?"

"Mwanangu, huyu kijana anataka kuchukua watoto wa watu awapeleke mtoni. Nisipoona kwa macho yangu nitalalaje?"

Kama mama wa umri ule anakwenda, mimi nitasema nini? Nikapanda nyuma.

## Fufu, kwenye pancha

Tairi ilipasuka tukiwa hatujafika mbali, na ya akiba ikakutwa nayo haina upepo. Dereva wa pikapu akachukua bodaboda kwenda kuiziba, sisi tukakaa kwa mama ntilie pale Fufu, chini ya bati lililokuwa likilia kwa joto.

Tulikula ugali wa uwele na mlenda. Nilikula kwa sababu ni chakula cha kwetu na mkono unajua njia. Mama mwenye kibanda alituuliza tunaelekea wapi. Amosi akamjibu, kwa furaha yake yote, kwamba tunakwenda kuteremka Ruaha kwa boti ya mpira.

Yule mama akaacha kufuta meza. "Kwani barabara imekatika?"

Wote walicheka, mimi sikucheka. Nilitaka kumwambia, dada, hilo ndilo swali. Pancha ile ilituchelewesha karibu siku nzima, na kila dakika niliiombea iendelee. Tairi iliporudi imezibwa, nilikuwa wa mwisho kupanda garini.

## Kijiji cha mwisho

Baada ya Mtera tuliacha lami, tukafuata njia ya vumbi upande wa chini wa bwawa mpaka kijiji ambacho gari haliwezi kukipita. Dereva alitushusha na mizigo, akageuza. Angezunguka akatusubiri mbele, mahali ambapo mto unaikaribia tena barabara. Nilitazama vumbi la gari mpaka likatulia. Simu yangu haikuwa na mtandao tena.

Mwenyekiti wa kitongoji alikuja kutupokea, mzee mwembamba mwenye koti la suti na kandambili. Aliuzunguka ule mzigo wa kijivu, akaugusa kwa fimbo, akauliza kwa heshima, "Mkutano wa injili unaanza lini?"

Alidhani ni hema. Kisha akamwona Bi Zuhura na ushungi wake akitandika mkeka kuswali, akachanganyikiwa kabisa. Hamisi alipomweleza, mzee hakucheka wala hakukataza. Alisema tu kwamba kuna dimbwi kubwa mbele, lina viboko, na kwamba baada ya dimbwi mto unaingia kwenye mawe na hata wavuvi hawaendi huko.

"Ndugu zenu wanajua mko hapa?" akauliza.

Hakuna swali lililonitisha kama hilo safari nzima. Aliliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujua apeleke habari wapi.

Tulilala kwenye darasa la shule yao. Asubuhi Hamisi alitupanga ukingoni na kutufundisha. Kule Uganda alikuwa akitoa amri kwa Kiingereza, kwetu akazigeuza ziwe Kiswahili. Akisema "mbele" tunapiga kasia mbele. Akisema "nyuma" tunarudisha. Akisema "simama" tunaacha kupiga, makasia juu. Na mtu akianguka majini, alale chali, miguu itangulie, aache mto umchukue.

"Usijaribu kusimama kwa miguu," akasema. "Mguu ukinasa kwenye jiwe, maji hayakuachi. Yanakusukuma mpaka unainama."

Aliyasema yote vizuri. Nataka hilo lijulikane. Amosi alikuwa anaitikia kwa kichwa kila neno, kama mwanafunzi wa mbele.

## Maji meupe

Hamisi anaziita hivyo sehemu ambazo mto unachemka: maji meupe. Ya kwanza niliyasikia kabla ya kuyaona. Ile sauti ya mashine ya kusaga, ya dizeli, ukiwa umesimama mlangoni na gunia lako, ndiyo hiyo, isipokuwa inatoka ardhini na inakuja usoni. Kisha mto ukapotea mbele yetu. Uliishia tu, kama ukingo wa meza.

"Mbele! Mbele!"

Boti ikainama, nikafumba macho. Maji baridi yakanipiga kifuani, nikasikia mpira ukikwaruza jiwe chini ya matako yangu, na sauti ya Hamisi, "Shemeji, fumbua macho! Piga!" Nikapiga kasia hewani. Tukatokea chini tukiwa tumejaa maji, Amosi akipiga kelele za furaha, Bi Zuhura akisema Alhamdulillahi. Mimi nilikuwa bado napiga kasia hewani.

Halafu likaja dimbwi. Kimya. Kuta za mawe pande zote mbili, maji ya kijani, na katikati vichwa vya viboko, masikio yakipukuta matone. Hamisi alitupitisha ukingoni kabisa, akigonga ubavu wa boti kwa kasia, taratibu, ili wajue tupo. Niliwatazama wote bila kupepesa. Kisha mmoja akazama.

"Anayeonekana hana neno," Hamisi akanong'ona. "Shida ni huyo."

Mapovu yakaanza kuja, mstari mmoja, kuelekea kwetu. Nilimshika Amosi mkono, na kwa mara ya kwanza nikamwona naye amebadilika rangi. Mapovu yalifika usawa wa boti, yakasimama. Nilihesabu pumzi zangu. Kisha yakaendelea kuelekea kilindini, nyuma yetu. Bi Zuhura alikuwa akisoma dua midomo ikicheza bila sauti.

Baada ya hapo nilimwambia Hamisi nataka kushuka. Akanionyesha zile kuta. "Hakuna pa kushukia, shemeji. Njia ya kutoka ni huko mbele tu."

Maji meupe ya pili tulipita salama. Ya tatu yalikuwa marefu, mawe mengi yametawanyika. Boti iligonga jiwe upande wa Amosi, ikainuka, ikarudi, na mahali alipokuwa amekaa palikuwa patupu.

Nilimwona mbele yetu. Alikuwa chali, miguu mbele, kama alivyofundishwa. Boti ilikuwa inamfuata kwa kasi, inakaribia kumpanda. Hamisi akatupigia kelele mimi na Bi Zuhura tuache makasia:

"Simama! Simama!"

Sisi tuliacha kupiga. Amosi naye alisikia. Akajigeuza, akasimama.

Maji yalimfika mapajani tu. Alisimama wima kama mtu aliyefika salama, akatugeukia, na nadhani alikuwa anataka kutabasamu. Kisha akasukumwa mbele, mguu haukwenda naye. Akainama. Mto ukampanda mgongoni, ukamfunika.

## Ng'ambo

Boti ilitupitisha kando yake, ikatupwa ukingoni chini kidogo, mahali ambapo maji yalizunguka polepole. Hamisi aliruka na kamba kabla haijatulia. Tukakimbia juu ya mawe kurudi alipo.

Amosi alikuwa anainua kichwa, anavuta pumzi, anazama. Anainua tena. Kila alipoinuka alikuwa chini kidogo kuliko mara iliyopita.

Hamisi alirusha kamba ikamfikia, akaishika, lakini kuvutwa kutoka upande mmoja kulimlaza pembeni na kuzidi kumzamisha. Akaiachia. Hamisi akanigeukia. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Kamba lazima ikae kifuani kwake, ishikwe pande zote mbili, aiegemee. Halafu mimi niingie nikautoe mguu. Mtu avuke na kamba."

"Vuka," nikamwambia.

"Nikivuka mimi, nani atautoa mguu? Shangazi akae hapa, ana nguvu za kushika. Shemeji, ni wewe. Boti hutaiweza peke yako. Chini pale maji yametulia. Lala kifudifudi, piga miguu. Kamba ishike mkononi, usijifunge. Ikikuvuta vibaya, iachie."

Nilitazama maji yale yaliyotulia. Yalikuwa ya kijani, kama lile dimbwi. Sijui kuogelea. Mwili wangu ulikataa, na nasema kweli, miguu haikusogea. Nilifungua mdomo nikijaribu kusema siwezi, nikakuta sauti haipo. Hewa tu. Nyuma yangu Bi Zuhura alikuwa anapaza ile sauti yake ya sokoni juu ya kelele za mto:

"Amosi! Amosi! Inua kichwa! Amosi!"

Nikaingia.

Jaketi la kujiokolea lilinipanda hadi masikioni. Nilipiga miguu kama mbwa aliyeangukia kisimani. Kila kitu kilichonigusa chini kilikuwa mamba. Jani lilinigusa goti, nikajikojolea, na sioni aibu kuandika. Kamba ilizidi kuwa nzito kadiri nilivyokwenda, ikinivuta kando, na mara mbili vidole vilitaka kufunguka vyenyewe. Sikukumbuka kusali. Nilikuwa nawaza neno moja tu, ukingo, ukingo, mpaka uso wangu ukagonga jiwe.

Nilipanda kwa magoti. Nikakimbia juu na kamba, Bi Zuhura akipanda nayo upande wake, sote tukiinyoosha juu ya mto, mpaka ikafika kwa Amosi. Hakuinuka kuipokea. Tukaishusha chini ya kifua chake na kuvuta. Mara ya kwanza ikateleza, ikampita juu ya kichwa. Mara ya pili ikakaa. Nilikaa kitako nyuma ya jiwe, nikakanyaga kwa visigino, nikavuta kwa uzito wangu wote, na kichwa chake kikatoka majini. Alitapika maji, akavuta pumzi iliyolia kama bawaba.

Hamisi alijiachia kutoka juu, akamfikia kwa mgongo, akamkumbatia, kisha akazama kwenye miguu yake. Alitoka. Akazama tena. Nilikuwa naona kofia yake tu ikienda na kurudi. Kamba ilikuwa inapita viganjani mwangu kidogo kidogo, ikichukua ngozi. Nikaona damu inatiririka kwenye kifundo cha mkono, lakini maumivu sikuyasikia. Hofu niliisikia. Ilikaa kifuani kama mtu.

Hamisi akaibuka na kiatu cha Amosi mkononi.

"Shangazi, achia!"

Bi Zuhura akaachia, na watu wawili na mto mzima vikaning'inia kwangu. Nilivutwa hadi kifua kikabanwa kwenye jiwe. Mabega yalilia. Kamba ikawazungusha, ikawaleta polepole kuelekea ukingo wangu, mpaka nikasikia magoti yao yakigonga kokoto.

Amosi alikuwa bluu midomoni. Mguu ulitazama upande usiostahili. Alinitazama, akasema, "Umelowa."

## Mkokoteni wa punda

Hamisi aliogelea kurudi ng'ambo, akaleta boti pamoja na shangazi yake. Tukafunga makasia mawili na mashati kuwa machela, tukatafuta ufa kwenye zile kuta, na kuna sehemu tulimpitisha kwa kumsukuma kama gunia. Alipiga kelele mpaka akaishiwa, na kunyamaza kwake kulinitisha zaidi.

Juu tulikuta boma la wafugaji. Wanawake waliokuwa wakikamua walitutazama tukitokea upande wa mto, tumevaa kofia ngumu na majaketi ya rangi ya machungwa, wakakimbia. Mzee mmoja alibaki na mkuki wake. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na sisi lugha yake hatukuijua. Alielewa kwamba mtu wetu amefia mtoni na tunatafuta pa kumzika. Akatuonyesha mahali, pazuri, penye kivuli.

"Hajafa!" nikasema. Sauti ilikuwa imerudi, nayo ilirudi yote. "Hajafa, baba! Amosi, mwonyeshe!"

Amosi akainua mkono. Yule mzee alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaita watu. Walitupa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, yana harufu ya moshi, sijawahi kunywa kitu kitamu hivyo. Wakafunga punda kwenye mkokoteni, wakatandika ngozi, na mzee mwenyewe akatembea nasi hadi kwenye njia ya magari, akikwepesha mashimo kama mtu aliyebeba mayai. Dereva wetu alikuwa mbali huko mbele, bila simu ya kumfikia, kwa hiyo lori la karanga ndilo lililotupakia. Nililala juu ya magunia nimemshika Amosi shingoni kwa vifundo vya mikono, maana viganja havikufaa, na kila lori lilipopita kwenye kijito nilifumba macho.

Hospitali waliunganisha mfupa. Daktari alipoosha mikono yangu ndipo nilipolia.

## Nkuhungu

Hamisi alikuja juzi pamoja na Bi Zuhura. Alikaa pembeni kabisa mwa kiti, kofia mkononi.

"Kaka, nisamehe. Lile neno nililichagua vibaya. Siku hizi nasema 'acha'."

"Niliambiwa simama nikasimama," Amosi akasema. "Wanafunzi wangu wangekuwa hivi, ningefurahi."

Tukacheka, hata Hamisi akacheka, kidogo. Boti ameikunja na kuiweka ghala la shangazi yake. Hajui kama ataendelea, na mimi sikumpa ushauri.

Kisha Amosi akawa na uso mwingine. "Mnajua kilichonifanya niendelee kuinua kichwa?" akasema. "Nilimsikia Yustina. Kila nikizama namsikia ananiita, Amosi, Amosi. Nikasema huyu mwanamke hatanyamaza, bora nitoke."

Siku zote Bi Zuhura humwita "mwalimu". Ilikuwa siku ile tu, pale kwenye mawe, ndipo alipomwita kwa jina lake, kama ninavyomwita mimi. Nilifungua mdomo kumsahihisha Amosi. Bi Zuhura akaweka mkono wake mzito juu ya goti langu.

"Mwanangu," akasema, "hii chai haina tangawizi?"

Chai ilikuwa na tangawizi. Niliinuka nikaenda jikoni, nikasimama huko kwa muda.

Lakini nilisema nitaandika yote, na Amosi ndiye atakayesoma wa kwanza. Basi na ajue. Sikumwita. Nilikuwa nimeshika kamba.